Wembe Usiokunjwa

Alhamisi saa tatu asubuhi kinyozi aliona kwamba msumari wa wembe wa kukunja umelegea, na makali yanacheza ndani ya mpini. Akauweka pembeni. Akachukua ule wa Kijapani, chuma kimoja kuanzia makali hadi mpini uliozungushiwa uzi, hauna pa kujikunjia.

"Wa kukunja una adabu," alisema karani wa kiwanda cha mbao, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi. "Ukimaliza kazi unaingia chumbani unalala. Huo mwingine uko uchi saa zote."

"Kwani unauonea haya?" kinyozi alimuuliza, bila kumtazama.

Kitini alikaa msimamizi wa kiwanda hichohicho, mteja wa kila Alhamisi, mwenye ndevu nyeupe ngumu kama waya. Kinyozi alimpaka povu akavuta wembe mara moja chini ya taya. Zilizotoka zilikuwa nyeusi na laini, na ziliota kwa kuzunguka, kama maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki. Kinyozi alizijua. Zilikuwa ndevu za mdogo wake, ambaye kinyozi mwenyewe alikuwa akimnyoa kila wiki, mpaka alipokufa kwenye msumeno wa kiwanda miezi miwili iliyopita.

"Pole tena ya mdogo wako, dada," alisema msimamizi. "Kijana mzuri. Basi tu, alilala kazini."

Pale paliponyolewa pakaota upya, nusu kidole.

"Umeruka hapo," alisema karani.

Kinyozi akarudia. Mdogo wake alikuwa mtu wa kuamka hata jirani akikohoa. Tangu taarifa ya ajali, kwamba alilala, isomwe mbele ya wafanyakazi wote, mama yao alikuwa hatoki nje, na Ijumaa karani alikuwa anafunga faili la ajali hiyo.

"Nani alimwona akilala, mzee?"

"Mimi mwenyewe."

Ndevu zikafika kwenye kola.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ofisini. Macho makavu, bila lepe la usingizi."

Zikafika kifuani. Kinyozi alijua kwamba ofisi ile inatazama ukuta. Alinyoa, akapangusa, akanyoa tena.

"Leo una maswali kama polisi," alisema msimamizi.

"Nauliza kwa ajili ya mama."

Karani aligeuza ukurasa wa gazeti ambao alikuwa hajausoma. Kinyozi alizikusanya zile ndevu zote, akazifunga kwenye kitambaa.

Ijumaa asubuhi alizipeleka ofisini kwa karani. Karani alifungua kitambaa, akazisugua kwa vidole viwili.

"Ni zake," alisema. "Nazikumbuka."

"Zimetoka kwenye kidevu cha bosi wako. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi andika."

Karani alipiga chapa kwa muda mrefu. Kisha akasoma, macho yake yakiwa kwenye karatasi: "Imethibitishwa kwamba marehemu alikuwa na ndevu ndefu kazini, kinyume cha kanuni za usalama."

"Nimekuja uandike kwamba hakulala."

"Ndevu hazijasema hivyo, dada. Ndevu zimesema ndevu."

Akagonga mhuri. Mama alipoambiwa kosa la pili, alifunga na dirisha.

Alhamisi iliyofuata wembe wa kukunja ulikuwa umeshatengenezwa. Msimamizi aliusogeza kando kwa mkono.

"Lete ule wa wazi. Huu unanikwaruza, ule unateleza kama ndevu si zangu."

Akaegemea, akafumba macho, na kabla povu halijaenea akawa amelala fofofo. Kinyozi alimnyoa polepole akifuata mzunguko, kwa sababu kwenda kinyume kulikuwa kukimwacha mdogo wake na vipele. Alipofika kooni aliinua kidevu kwa kidole kimoja, akauliza kwa sauti ya chini kama maji ni ya moto mno. Msimamizi alikuwa akikoroma. Swali halikuwa lake.