Mti Uliolazwa Zahanati

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi mti uliingia zahanati, ukachukua namba kumi na saba, ukasimama nyuma ya mwanamke aliyebeba mtoto mwenye surua. Benchi lisingeutosha. Nesi wa mapokezi aliuliza umri, alipoona kimya akaandika "mtu mzima". Tatizo hakuuliza. Mti ulikuwa uchi kutoka mizizini hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika, mweupe kama muhogo uliomenywa, na utomvu ulikuwa unachuruzika sakafuni.

"Nani amekuja na mgonjwa?"

"Mimi," alisema Bi Magome. Alikuwa ameufuata mti tangu bondeni, na ufagio mkononi, akifagia udongo uliokuwa ukidondoka njiani.

Bi Magome alikuwa mjane, na kwa miaka thelathini na moja mti huo ndio uliomweka mjini. Gome lake likichemshwa hadi maji yawe mekundu, hukata tumbo la kuhara. Likisagwa, unga wake hukausha kidonda. Jino likiuma, unabana kipande shavuni na kunyamaza, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa nusu ya tiba ya nyumba nzima. Zahanati yenyewe dawa zikiisha ilimpelekea wagonjwa kimyakimya. Yeye alikata kipande cha upana wa kiganja, upande mmoja tu, akapaka udongo mbichi pale alipokata, na hakurudi hapo mpaka mvua zinyeshe misimu miwili.

Mwaka huo mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alipata usimamizi katika kiwanda cha kapsuli. Alikuja na daftari akaomba kuonyeshwa mti. Aliomba kwa adabu, na mkwe hanyimwi. Bi Magome alimweleza yote. Alipofika kwenye kuacha sehemu nyingine ya gome bila kuigusa alisema, "Hapo tunamwogopa Mungu." Hakusema kwamba ukizungusha kisu shina zima mti unakufa, kwa sababu aliona hilo kila mtu analijua. Mkwe aliandika yote isipokuwa hilo la Mungu. Aliona ni mambo ya imani, na fomu ya kiwanda haikuwa na nafasi ya imani. Kisha watu wa kiwanda walishuka bondeni na visu, wakamenya kila shina mzunguko mzima.

Daktari aliweka kipimo chake kifuani kwa mti, akasikiliza, akahamisha chini, akasikiliza tena.

"Chakula hakishuki," alisema. "Majani yanapika, mizizi inalala njaa. Atakaa wiki mbili, si zaidi. Nahitaji gome bichi la ndugu yake, nimshonee daraja kutoka juu hadi chini. Ndugu zake wako wapi?"

"Wote wako kiwandani."

Basi Bi Magome akaenda kiwandani. Mkwe alitoka na koti jeupe na kofia ya wavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida na gome bichi. Kipande kimoja tu, urefu wa mkono wangu."

"Mama, likishapita getini ni mali ya kiwanda. Hata mimi nikitoka wananipapasa."

"Kuna mgonjwa."

"Ungesema mapema!" Aliingia ndani akarudi na boksi la kapsuli. "Mbili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula."

"Chakula hakishuki, ndio ugonjwa wenyewe."

Mkwe alifikiri. "Basi azimeze kabla ya chakula."

Bi Magome alishukuru, maana zawadi ni zawadi. Alirudi zahanati, akavua mtandio, akampa daktari mgongo.

"Kata hapa."

"Bi mkubwa, wewe si wa ukoo wake."

"Kila homa yangu tangu nilipoolewa nimekunywa gome lake. Kama si ukoo, ni nini?"

Daktari alisoma kadi ya mti, akasoma na ya Bi Magome, hakuona pingamizi. Alikata utepe wa vidole vitatu, kutoka begani hadi kiunoni, akaushikiza kwenye shina kwa misumari midogo na nta. Mti ulilazwa uani, wima, karibu na tangi la maji. Kwenye kidonda cha Bi Magome walipaka udongo, na nesi akaandika jina lake kwenye karatasi hiyohiyo ya mti ili kupunguza mafaili.

Majani hayakudondoka. Siku za joto ule utepe ulitoka jasho, na asubuhi za baridi ulisisimka vinyweleo. Mgongoni kwa Bi Magome kidonda kilifunga kwa gome jembamba. Binti yake alipokuwa akimsugua bafuni alisema, "Mama, ukiendelea hivi nitakununulia msasa, sabuni haitoshi." Walicheka mpaka maji yakapoa.

Mvua za pili zilipokatika, shina zima lilikuwa limevaa gome tena. Mkwe alifika uani na watu wanne na ngazi.

"Tunashukuru kwa kututunzia, mama," alisema. "Ila hiki kipande chako, tukate au tupite pembeni?"

Safari hii Bi Magome alisema wazi. "Ukikata mzunguko mzima mti unakufa. Chakula kinapita kwenye gome. Hilo si la imani, mwanangu. Kamuulize daktari."

Mkwe aliliandika lote, neno kwa neno. Akasogea kando akapiga simu, akarudi ameinamisha macho kama mkwe mwema.

"Ofisi imesema mzunguko ni mzunguko. Lakini wamesema pole." Akamletea kiti.

Bi Magome hakukaa. Uani pale pana mteremko, na yule aliyepanda ngazi alikuwa mtoto wa mtu, tena ngazi yenyewe ilikuwa ikicheza. Aliishika kwa mikono miwili. Kisu kilipofika kwenye kipande chake, mgongo ulimchoma kuanzia begani kushuka chini. Aliachia mkono mmoja, akajishika kiunoni kidogo, akaurudisha kwenye ngazi.