Vidole Viwili Juu ya Tairi

Mke wangu alisema hatapanda tena gari langu, na mimi nikaamua kwamba wenye makosa ni matairi ya nyuma.

Niliamua kwa kukurupuka, kama ninavyoamua mambo yangu mengi. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, aliniita Pirikapirika tangu sijaota meno, na jina likanikaa. Siwezi kusubiri chai ipoe. Kazi yangu ni ufundi wa lifti, kupanda na kushuka kutwa nzima, na hata siku ya mapumziko miguu yangu huwa inatafuta ngazi. Mke wangu ni mtu mwingine kabisa. Anapiga picha za eksrei hospitalini, na kutwa anawaambia wagonjwa maneno yaleyale kutoka nyuma ya kioo: "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike." Nikianza kuzungukazunguka sebuleni huniambia na mimi vilevile, nami nasimama walau kidogo.

Gari lenyewe ni la mbio, la kijivu, fupi, tumbo karibu na lami, na nguvu zake zote ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Nililikuta limetupiwa turubai chini ya jengo moja nilikokuwa natengeneza lifti, mwenyewe amelikatia tamaa, nikalifufua kwa mikono yangu. Siku niliyolileta nyumbani mama alilizunguka, akachungulia ndani.

"Viti viwili tu? Na mimi mama yako nikae wapi, kwenye boneti?"

Tulicheka. Lakini mimi nililipendea hivyo viti viwili. Nyumbani kwetu hakuna pa kuzungumzia. Redio ya mama inaamka kabla yetu, watoto wanagombania meza, na kuta ni nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya bafuni unaambiwa "afya" kutoka jikoni. Ndani ya gari lile, kutoka nyumbani hadi geti la hospitali, tulikuwa mtu na mkewe. Humo ndimo alimoniambia kwamba amechoka na zamu za usiku. Humo ndimo nilimomwambia kuhusu siku niliyoteleza juu ya kizimba cha lifti nikaning'inia, jambo ambalo mama hadi leo hajui. Tuligombana humo pia, tukamaliza kabla ya geti.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mvua. Kwenye mzunguko wa barabara karibu na hospitali nilikanyaga mafuta mapema kidogo, na nyuma ya gari ikaondoka. Tulizunguka mzunguko wetu wenyewe ndani ya mzunguko ule, tukasimama tukitazama tulikotoka, basi moja likitupigia honi usoni. Hatukugusa kitu. Nikashuka mbio, nikainama nyuma, nikayaona matairi yamelika hadi yanang'aa. Nilipoinua kichwa mke wangu alikuwa ameshafungua mkanda, ameshika mkoba wake, anatembea kwenye mvua kuelekea kazini. Jioni alisema neno moja, taratibu, maana yeye hapazi sauti: "Sipandi tena."

Tangu hapo akawa anapanda basi. Mazungumzo yetu yakabaki gesi imeisha, mtoto anahitaji viatu, zima taa. Nikawa namkumbuka mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Iliniuma, na mimi kitu kikiniuma siwezi kukaa nacho, lazima nikifanyie jambo.

Basi nikaanza kwenda kwa Presha. Presha ni fundi wa matairi, jina amelipata kwa kujaza upepo na kwa domo lake, kwa kuwa anaongea kama kompresa isiyozimwa. Duka lake limejaa matairi hadi darini, na yeye hukaa juu ya moja lililolazwa chini.

"Kaka, weka saizi ya kiwanda ukalale," aliniambia siku ya kwanza. Kwenye ubavu wa tairi langu iliandikwa 245/40, rimu ya 17.

"Ya kiwanda ndiyo iliyonizungusha."

"Kilichokuzungusha ni upara. Matairi yako yana upara kuliko mimi." Akavua kofia kunionyesha.

Sikusikia. Kila nilipokuwa, kichwa kilikuwa kinazunguka na namba. Nikiwa ndani ya shimo la lifti nawaza 255. Nikiwa kitandani nawaza 265, mke wangu amenipa mgongo. Mahali popote gari lilipoegeshwa niliinama kusoma mbavu za matairi ya watu, hadi mlinzi mmoja akanifukuza akidhani mimi ni mwizi. Nilitaka upana. Mtu mwenye mguu mpana hatelezi, ndivyo nilivyojiambia, na mke wangu akiona ule upana atarudi kwenye kiti chake.

"Kuna haya," Presha akasema hatimaye, akapiga kofi jozi moja iliyokuwa kwenye kona tangu sijui lini. 275/40. "Lakini tuelewane. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili si milimita, ni asilimia ya huo upana. Ukiongeza ya kwanza ukaiacha ya pili palepale, tairi linanenepa na linarefuka pia. Tena kwenye maji mengi tairi pana linaweza kuelea. Na rimu yako nayo italibana. Mimi nimekwambia."

Alikuwa ameniambia, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa. Siku nyingi alikuwa anamtafuta jasiri wa kuondoka na jozi ile, na jasiri huyo amekuja na miguu yake mwenyewe.

"Yataingia?" nikauliza.

"Tujaribu."

Tukaweka jeki, tukafunga, tukashusha gari. Presha ana kipimo chake cha mwisho, na hakuna gari linalotoka kwake bila hicho: anapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, baina ya tairi na madigadi. Vikipita, nenda zako. Akavipitisha kulia, akavipitisha kushoto. Vilipita kwa kubanwa. Nikavipitisha na vya kwangu.

"Umepona," akasema.

Nikaondoka na gari peke yangu. Nikapita kwenye matuta, kwenye mashimo, kwenye kona kali ya kiwanda cha vigae, na ule mzunguko wa barabara nikauzunguka hadi muuza magazeti akawa ananipungia mkono. Hakuna mlio wowote. Gari lilikaa barabarani kama limegongewa misumari. Nikarudi nyumbani naimba, na mimi sijui kuimba.

Mke wangu nilimtoa jikoni nikamsimamisha nyuma ya gari. Aliyatazama matairi, kichwa kimeinama upande, kama anavyotazama picha ya mbavu za mtu.

"Yamenenepa," akasema.

"Hayatelezi tena. Nimejaribu kila mahali."

"Na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake. "Haya. Tuzunguke kidogo. Jua linawaka, sina kisingizio."

Alikaa. Akavuta mkanda, akaufunga, akauvuta tena kuhakikisha. Nilitaka kulia, nikawasha gari badala yake. Tulipopita duka la mwisho la mtaa wetu nikamsikia anavuta pumzi ndefu.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia siku nyingi," akasema. "Ile asubuhi ya mvua..."

Tukapanda tuta. Chini ya upande wake kitu kikanguruma, grrr, kama mtu anaparua bati kwa jiwe. Akashika mlango.

"Si kitu," nikasema. "Endelea."

Tuta la pili likanguruma zaidi, na harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani.

"Simamisha," akasema.

Nikasimamisha. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, upande wake. Bega la tairi lilikuwa limenyolewa, na ukingo wa madigadi umejaa ungaunga mweusi wa mpira. Nilijaribu kidole kimoja, hakikupita. Alipofungua mlango na kushuka, gari likainuka kidogo, polepole, na kidole changu kikaingia.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani lami inimeze. Mimi ni fundi wa lifti. Hakuna lifti hata moja niliyowahi kuipitisha tupu. Kabla mtu hajaingia tunapakia vyuma vizito ndani, uzito wa watu wote itakaowabeba, tunaipandisha na kuishusha navyo, na fundi anayeruka hatua hiyo namtukana mbele ya wenzake. Na gari la kumbeba mke wangu nililipima na kiti chake kitupu.

"Peke yako lilikuwa halilii," akasema. Alikuwa amesimama juu yangu. "Nikikaa mimi linalia."

"Ndiyo."

"Na usithubutu kusema mimi ni mzito."

"Sijasema."

"Ulikuwa unatafuta maneno." Hakucheka. "Umehangaika na haya matairi wiki zote hizi, unasema ni kwa ajili yangu. Umepima kila kitu. Mimi tu ndiye hukunihesabu."

Nikaanza kulizunguka gari, nikipiga teke gurudumu hili na lile, na kwa pembeni nilimwona anatazama kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Basi lilikuwa linakuja. Nilijua akipanda lile, tutaishi kwa gesi na viatu vya watoto hadi tuzeeke.

"Wewe," akaniita. "Simama mahali pamoja."

Nikasimama. Basi likapita.

"Kwa huyo fundi wako ni mbali?"

"Si mbali. Lakini ukikaa litakwangua tena."

"Nani kasema nitakaa? Endesha, mimi nitatembea."

Na ndivyo tulivyokwenda, gari la mbio likitambaa pembeni mwa barabara, dirisha wazi, na mke wangu kando yake kwa miguu, mkoba begani. Watu walitutazama. Mwendesha bodaboda mmoja akamwambia, "Mama, mwambie akubebe!" Mke wangu akamjibu kwamba gari linamwogopa. Kisha akainama kidogo kuelekea dirishani.

"Ile asubuhi ya mvua," akasema, "sikushuka kwa sababu gari lilizunguka."

"Ila?"

"Lilipotulia nilikuwa natetemeka, siwezi hata kufungua mkanda. Nikageuka nikushike. Hupo. Umeinama nyuma unatazama matairi."

Nilitaka kusimamisha gari. Nilitaka kushuka, nizunguke, nifanye kitu, chochote. Akaweka mkono wake juu ya dirisha, akasema, "Endesha tu," tukaendelea kwa mwendo wake. Nilimwambia naona aibu. Akasema anajua. Baada ya hapo akaanza kunisimulia mambo ya hospitali, ya msimamizi mpya anayegonga milango kwa kalamu, na ya zamu ambazo hatimaye zimebadilishwa, na mimi sikujua kama zimebadilishwa. Hatujawahi kuongea namna ile tangu ile mvua. Nilisikitika nilipoliona bango la Presha.

Presha aliliona bega la tairi, akajishika kiuno. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Na vidole vyako vikaniambia nimepona."

Hilo alilimeza. Akayafungua 275 akayarudisha kwenye kona yao yakamsubiri jasiri mwingine, akatoa jozi mpya ya 245/40, saizi ileile ya kiwanda, yenye meno marefu meusi. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya tairi la Presha anatazama kila nati inavyokazwa. Gari liliposhushwa Presha akanyoosha vidole vyake viwili, akainama.

"Ngoja," nikamwambia. Nikamfungulia mke wangu mlango. "Mama watoto, panda kwanza."

Akapanda, akakaa sawasawa, mkoba mapajani. Gari likashuka kidogo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuzunguka, nikakutana na macho yake kwenye kioo cha pembeni.

"Vuta pumzi," akasema. "Shikilia. Usitikisike."

Nikashikilia. Presha akapitisha vidole, akavichezesha humo ndani.

"Vinapita na nafasi inabaki, shemeji."

"Weka cha tatu," mke wangu akamjibu.

"Kinapita. Kaka, njoo uone mwenyewe!"

Sikwenda kuona. Nilikwenda dirishani kwake, nikainama hadi nyuso zetu zikawa sawa, mikono yangu ikitafuta pa kukaa, nikaiweka juu ya mlango.

"Uko salama?" nikamuuliza. "Hukuumia siku ile?"

Alinitazama, Presha nyuma yangu akiniita tena nikaone vidole vyake.

"Sasa ndiyo umeuliza," akasema, akavuta mkanda.