Korongo Tulilolifukia

Neno lilianzia bombani, mdomoni mwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye akikosa habari huumwa kichwa.

"Umesikia? Atakayesema maji yanapita kwake anafutwa kwenye ramani. Anahamishwa na masufuria yake."

"Wifi, wewe kila wiki una la kwako," nikamwambia.

"Haya. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi simo."

Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka, na lile neno likaondoka na mimi. Nikifua lipo, nikipepeta lipo, nikiinama kufagia linanisubiri chini ya kitanda. Naliandika leo ili wewe mama mwenzangu, siku wapimaji watakapofika kwenu, usilibebe kama nilivyolibeba mimi.

Habari yenyewe ni hii. Juu ya nyumba zetu kuna malisho mapana, yameinama kuja kwetu kama mkeka ulioinuliwa upande mmoja. Kampuni moja ilitaka kujenga pale maghala na kituo cha malori: mizigo iletwe, ipangwe, ipakiwe tena, iende kwingine. Hatukuwapinga. Watu walitaka kazi, na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alikuwa na leseni ya udereva anayoitunza kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa.

Tena walikuja kwa adabu. Aliyeongoza mipango alikuwa mwanamke. Tulimbandika jina la Miwani, kwa sababu alivaa miwani machoni na nyingine kichwani, na bado alikuwa akipekua mkoba kutafuta ya tatu. Alisema hataki kuharibu sura ya nchi. Maghala yatakuwa mafupi, na mapaa yatapakwa rangi ya majani makavu. Upande wetu litainuliwa tuta refu la udongo, lipandwe miti, ili mtu akifungua mlango asubuhi aone miti, asione malori. Akapita nyumba kwa nyumba na daftari lake.

"Mama, ukisimama hapa mlangoni, unaona nini ambacho hutaki kipotee?"

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nikamwonyesha kilima. Nikamwonyesha miti iliyojipanga mgongoni mwake, na hata pale jua linapochomoza wakati wa baridi. Akaandika yote. Kisha akauliza:

"Na mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?"

Kabla hujanihukumu, ujue tulichokuwa tumeshafanya. Kulikuwa na korongo. Si kubwa, kina chake kilifika magotini. Lilianzia ukingoni mwa malisho, likapita katikati yetu hadi bondeni. Karibu mwaka mzima ni kavu, tunatupa humo majivu na vigae. Mara mbili, labda tatu kwa mwaka, hushuka maji mekundu yenye kishindo, kwa muda wa kuivisha sufuria moja ya maharage, halafu kimya. Lile neno la wifi lilipoenea, nyumba nane tuliopakana na korongo tulilifukia. Wanaume walichimba udongo, wanawake tukabeba kwa makarai. Tukashindilia kwa miguu, watoto wakarukaruka juu yake. Kisha tukapanda viazi vitamu, majani yatambae yafunike kila kitu.

Siku kidege chao cha kupiga picha kilipopita juu, wifi alijifunika ungo akachuchumaa kwenye viazi kama kuku anayelalia mayai.

"Sasa kitaona nini?" nikamuuliza.

"Kitaona ungo. Na wewe simama vizuri, usisimame kama mtu aliyefukia kitu!"

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Kwa hiyo Miwani aliponiuliza, nilijibu bila kumeza mate. "Yanazama tu, mwanangu. Udongo wa hapa unakunywa."

Akaliandika na hilo.

Binti yangu anakaa chini yangu, ng'ambo ya korongo, kama hatua sitini. Nyumba yao ilikuwa na chumba na sebule, na haikuweza kuongezwa kwa sababu ubavuni kulikuwa na korongo. Korongo lilipofukiwa, mkwe akaona uwanja. Hakuja kuniambia mwenyewe; mkwe wangu ana haya, mambo ya nyumba humtuma mkewe.

"Mama, mwenzangu anasema tuongeze chumba cha watoto pale kwenye viazi. Pamekaa sawa kabisa."

Nilikuwa nachambua mchele. Wifi alikuwa ameketi mkabala wangu, akaninyanyulia nyusi. Kusema "msijenge" ilikuwa ni kusema kwamba pale si ardhi, na neno hilo lingefika kwa Miwani kabla mchele haujaiva.

"Jengeni," nikasema.

Wakajenga. Wajukuu wangu wawili wakahamia humo na godoro lao.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa shuleni kuonyeshwa ramani. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Ramani ilibandikwa ubaoni, juu ya hesabu za darasa la nne ambazo mwalimu hakuzifuta. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo tena. Kilima changu kilikuwepo. Miti yangu ilikuwepo. Mapaa ya maghala yalikuwa ya rangi ya majani makavu, kama alivyosema, na tuta lilikuwa kijani, limetukumbatia kama mkono wa mtu. Mwisho wa mkono huo paliachwa pengo, ili tupite kwa miguu kwenda upande wa pili.

Nilitafuta nyumba yangu nikaiona. Nikatafuta ya binti yangu. Kisha nikafuata kwa macho mahali korongo linapoanzia, nikaona tuta limelala juu yake sawasawa.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini mteremko ule nimeukalia miaka thelathini na moja. Maji yote ya malisho, pamoja na ya mapaa yale, yatashuka mpaka kwenye tuta. Yatakwama. Yatatembea kando yake yakitafuta mlango, na mlango ni lile pengo. Chini ya pengo kuna chumba cha wajukuu wangu. Hesabu hiyo haikuhitaji chaki.

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Miwani akasema mpango utakaa wazi siku ishirini na moja. Mwenye maoni ayaandike, ayatumbukize kwenye sanduku, au aende ofisini kwake. Baada ya hapo unatiwa saini na greda linaingia.

Nilianza kuzihesabu siku hizo kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Siku ya nne nilimwambia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba kwenye mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

"Tulisema yanazama, nyumba nane. Leo tuseme nini? Tutaonekana waongo."

"Mzee, kwani sisi si waongo?"

"Yaliyopita si ndwele, mama watoto."

"Haya hayajapita. Yako kule juu, yanakuja."

Akakaza kamba.

Wifi nilimfuata bombani, kulekule neno lilikozaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akaniambia polepole, "Ukienda kusema, unatufuta nyumba zote nane. Utakula na nani?"

Siku ya kumi na tano ilinyesha mvua ndogo mchana, ya kulainisha vumbi tu. Ilipokatika nilishuka kwa binti yangu. Nikaingia chumba cha watoto, nikainua godoro, nikaweka kiganja sakafuni. Palikuwa na ubaridi kama pua ya mbwa. Pembeni, ukuta ulikuwa umechora ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, unatafuta nini chini ya godoro?"

"Kunguni."

"Nyumba yangu haina kunguni!"

"Sawa, mwanangu. Nimeangalia tu."

Alikasirika kwa ajili ya kunguni. Nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku ya kubeba makarai. Uongo una uzito wake, na huu nilikuwa nao tangu wakati wa kupanda viazi.

Siku ya kumi na tisa nilivaa viatu vya kutokea, nikapanda hadi ofisi ya Miwani. Lilikuwa kontena lililokatwa dirisha. Ndani kulikuwa na meza moja, karatasi zimeshikiliwa na mawe zisipeperuke, na yeye mwenyewe akila mkate mkavu kwa chai.

"Karibu, mama. Keti. Kuna jambo?"

"Kuna korongo," nikasema.

Nilimweleza yote: udongo, viazi, hadi ungo. Wifi sikumtaja. Alivua miwani ya machoni, akavua na ya kichwani, akajifuta uso kwa viganja viwili. Nilidhani atanifokea, na ningefurahi angenifokea.

"Nyumba nane, mama," akasema. "Kule juu niliona mbonyeo kwenye majani. Nikajiuliza, mbona kama pana njia ya maji? Nikauliza nyumba nane. Zote nane zikaniambia yanazama."

"Tulisikia mwenye maji anafutwa."

"Mlisikia kwa nani?"

"Bombani."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Sheria ni kinyume chake. Njia ya maji haijengwi wala haizibwi. Mngenionyesha, ningesogeza tuta na maghala, na ninyi mngebaki mlivyo. Ndiyo sababu niliuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na sasa?"

"Sasa nachora upya." Akanisukumia penseli. "Nionyeshe."

Nikachora. Njia ile naijua. Nilipofika chini, penseli ikasimama yenyewe.

"Hapa kuna chumba," nikasema. "Wanalala watoto."

"Nakijua. Kwenye picha ya kwanza hakikuwepo, kwenye ya pili kipo. Nilifurahi kukiona. Nikasema, watu wanajenga, basi wametuamini." Akavaa miwani yake. "Kitabomolewa, mama. Si kwa sababu ya maghala. Hata tusingekuja kabisa, kile chumba kimo ndani ya maji."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa binti yangu, asije akasikia bombani. Mkwe alikuwepo, anapiga viatu rangi. Nikasema mlangoni, sikukubali kiti.

Binti yangu alinitazama. "Nilikuuliza. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema jengeni."

"Ndiyo."

"Wajukuu zako, mama."

"Ndiyo, mwanangu."

Mkwe aliweka kiatu chini. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe, aliniambia jambo la nyumba yake mwenyewe, bila kulipitisha kwa mkewe. "Mama, ungetuambia tu."

Akaokota kiatu, akaendelea kukipiga rangi.

Walibomoa wenyewe, tofali kwa tofali, wakayapanga kando. Watoto wakarudi kulala sebuleni, miguu yao imegusa mlango. Na sisi nyumba nane tukalifukua korongo kwa makarai yaleyale. Hakuna aliyefutwa. Wifi alichimba mkabala wangu, siku mbili hajanisemesha. Siku ya tatu akachomoa kiazi kikubwa kwenye udongo, akakipangusa.

"Angalau viazi vimekomaa," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Mvua kubwa ilikuja mchana, wakati maghala mawili yameshaezekwa. Tuta lilikuwa limekatwa sehemu mbili na kutiwa kalavati la kupitisha maji pale korongo linapoanzia. Nilisikia kishindo kabla sijaona kitu. Maji mekundu yakashuka, yamebeba vijiti na povu, mengi kuliko yote niliyowahi kuona, maana sasa yalikuwa na mapaa nyuma yake. Nilikimbia na kanga kichwani hadi ukingoni, siwezi kuvuka. Ng'ambo, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja kiunoni, mwingine amemshika sketi. Katikati yetu maji yalipita palepale lilipokuwa godoro.

Tulitazamana kwa muda wa sufuria moja ya maharage, au zaidi. Yalipopungua, akanyoosha kidole kwenye msingi wa sebule, penye mstari wa tope. Palibaki tofali moja tu kabla ya kizingiti.

"Mama! Umeona yalipofika?"

"Nimeona!"

"Basi," akasema, akaingiza watoto ndani.

Ananisalimia siku hizi. Shikamoo, marahaba, inaishia hapo. Mkwe anaendesha lori pale juu. Miti ya tuta bado mifupi kama mafagio, na malori tunayaona yote. Sijali. Nikisikia mawingu yananguruma nashuka kwenda kulitazama korongo, nikiona mtu ametupa humo kigae nakitoa.

Ya kuepuka, kwa ambao wapimaji hawajafika kwao:

Usijibu swali la mpimaji kwa neno la bombani. Muulize yeye kwanza kwa nini anauliza.

Usionyeshe mazuri peke yake. Onyesha na jalala, na tope, na pale unapopaonea aibu.

Usifukie njia ya maji, hata ikikauka miezi kumi.

Usijenge juu ya udongo wa kujazia.

Usiipigie makofi ramani kabla hujaiona nyumba yako, na ya aliye chini yako.

Usingoje siku ya kumi na tisa.

Mtoto wako akikuuliza kama ajenge, acha mchele, mwambie unachokijua.