Bunduki ya Mwalimu wa Hesabu

Tangazo nililipigilia misumari kwa mkono wangu mwenyewe kwenye mlango wa skuli yetu ya kisiwani Kudhaa, ambayo mimi ndiye mkuu wake: awe mwalimu, mlinzi au mtu wa kujitolea, hapana aingiaye humu na silaha. Nililiandika kwa maneno machache ili hata mvivu wa kusoma asipate kisingizio. Watu wakalisoma, wakanisifu, kisha wakamtazama Mukhtar akipita chini yake kila asubuhi na bunduki begani. Mukhtar ni ndugu yangu, tumbo moja. Walidhani kwa sababu hiyo nitafumba macho. Hawanijui.

Alikuwa ametoka Kismayu, alikokuwa akilinda ghala la tajiri mmoja, na bunduki alipewa huko huko. Alijitolea kufundisha hesabu bila malipo, na kwa hilo Mungu amlipe. Nilimsihi kwa upole aiache nyumbani. Akacheka, akasema, "Dada, hii nawalindia nyinyi."

Basi asubuhi moja nikapita dirishani kwake, nikaona ameandika ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Watoto wameinama, wananakili. Nikasimama nikingoja kelele. Watoto wa Kudhaa hawa, ambao mimi hunikatiza kabla chaki haijatoka ubaoni! Waliowahi kumsahihisha khatibu mbele ya baba zao! Hapana hata aliyekohoa.

Wakati wa mapumziko nikamwita Rawda, bingwa wao wa hesabu.

"Saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Mbona umeandika hamsini na nne?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto, akanijibu kwa lahaja ya nyumbani. "Mchu mwenye bunduki hakosei, maalimu."

Nilimfuata ndugu yangu hapo hapo nikamwambia: kesho uje bila hiyo, au usije kabisa.

Kisiwa chetu ni kidogo na midomo ni mingi. Ilipofika alasiri wazazi walikuwa wamejaa darasani, wamejibana kwenye madawati ya watoto wao, wote wamenikunjia uso. Akaanza mzee Aboud, mwenyekiti wa kamati ya skuli.

"Saada, mwanangu, mwaka wa tisini na moja, serikali ilipoanguka, wachu wenye bunduki walikuja hapa wakatwaa mashua, nyavu, hata milango ya nyumba. Siswi tulikuwa na nini cha kuwazuilia? Leo Mungu katupa kijana mmoja mwenye bunduki, nawe wamfukuza?"

"Bila Mukhtar, binti yangu haji," akadakia Twahira, mamake Rawda.

Sikuwalaumu. Mwaka huo nilikuwa na umri wa Rawda, na Mukhtar alikuwa mgongoni mwa mama. Baba tulimwacha kaburini, sisi tukaenda kulelewa kwenye mahema ya wakimbizi Kenya. Uoga wao naujua, nimelala nao mkeka mmoja. Lakini kuujua si kuupigia magoti.

"Wenye bunduki wakija wakamkuta mwalimu ana bunduki," nikawaambia, "hawataona skuli. Wataona kambi. Watapiga kwanza, na risasi haiulizi nani mwalimu nani mwanafunzi."

Wakanung'unika, wakaondoka. Mzee Aboud alisema Mukhtar ataingia kama kawaida, na yeye mwenyewe atamsindikiza.

Asubuhi nikasimama mlangoni. Watoto walikuwa wameshaingia, ila Rawda, ambaye mama yake alikuwa amemshika mkono uani, akingoja aone nani atashinda. Mukhtar akaja na bunduki yake. Nyuma yake mzee Aboud, na nyuma ya mzee nusu ya kisiwa.

"Dada, nipishe."

"Iweke hiyo, nikupishe."

"Niiweke wapi? Nyumbani hapana wa kuiangalia."

"Mpe mwenyekiti. Nyumba yake si ile pale?"

Mukhtar hakubisha. Naona alikuwa amechoka kuvutwa huku na huku. Akaivua begani, akamnyooshea mzee Aboud. Mzee akarudi nyuma, mikono kaificha mgongoni.

"Kwangu? Haiwezekani! Kwangu mna wajukuu."

Mkuki kwa nguruwe, bwana.

"Na saa hizi wajukuu zako wako wapi, mzee?" nikamuuliza.

Walikuwa nyuma yangu, dawati la mbele, wamenyoosha shingo wamwone babu yao. Akawaona.

"Twahira, wewe je? Utaiweka chumbani kwako na Rawda?"

Twahira akavuta buibui lake, akatazama kando. Lakini mkono wa binti yake aliuachia, na Rawda akapita chini ya kwapa langu, akaingia.

Tukabaki mimi na ndugu yangu, na ile bunduki mikononi mwake isiyotakiwa na mtu yeyote mwenye mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bila hii naogopa, dada," akasema. Aliyasema mbele ya watu wote, mwanamume mzima, nami nikampenda kuliko siku zote.

"Na mimi naogopa. Ingia na uoga wako, utatukuta tunao sote. Hiyo ndiyo haiingii."

Akairudisha begani. Kisha akageuka, akashika njia ya ufukweni, ambako boti ya Kismayu ilikuwa ikipakia, kwenda kuirudisha alikoitoa.

Mzee Aboud akanisogelea. "Na wakija leo, Saada, kabla hajarudi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Tutafanya nini?"

Nikamwambia aingie akakae na wajukuu zake. Mlangoni nipo mimi.