Kiazi cha Mgeni

Mwalimu wa biolojia alipofunua sinia, roho ilimruka. Viazi vyake vilikuwa vimemenywa, vimechemshwa na vinafuka mvuke.

"Nani kavipika?"

"Nimeagiza mimi," mwalimu mkuu akajibu kwa madaha, akinyoosha tai. "Mkaguzi mzima aje hapa tumwekee kiazi kibichi? Tutaonekana watu gani?"

Mwalimu alitamani kulia. Mkaguzi ndiye angeamua kama mkondo wa sayansi ubaki au ufungwe, na jaribio la kumwonyesha lilikuwa hilo la viazi vibichi tu. Akatoka mbio hadi jikoni, akabahatika kupata kiazi kibichi kimoja. Akakichonga shimo, akachonga na kimoja cha vile vilivyopikwa, akatia sukari kote na kukisimamisha kila kimoja kwenye bakuli la maji.

Mkaguzi, mama wa makamo asiye na haraka, akaketi mbele ya wanafunzi. "Haya mwalimu, tueleze."

"Seli za kiazi zina utando unaochagua. Maji yanaruhusiwa kupita, sukari inazuiwa mlangoni. Kwa hiyo maji ya bakuli yatapenya kuifuata sukari, na shimo litajaa. Hiyo ndiyo osmosisi. Ila hiki kilichopikwa, utando wake umeshakufa, hauzuii chochote. Shimo lake halitajaa."

Mwalimu mkuu akamkata jicho. Kiazi cha mgeni, kishindwe mbele ya mgeni!

Wakaenda kukagua madarasa na vyoo. Mwalimu mkuu, aliyemganda mgeni kama kupe tangu getini, ghafla akakumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Waliporudi, kiazi kibichi kilikuwa kimejaa vizuri. Kilichopikwa kilikuwa kinafurika.

Mkaguzi akavua miwani. "Mwalimu, mbona marehemu kanywa kuliko aliye hai?"

Mwalimu akainama kukichunguza kiazi. Mkondo wa sayansi ndio huo unakwenda. Ndipo akaona mkono wa shati la bosi wake, umelowa hadi kwenye kiwiko, na kijiko kikichungulia mfukoni.

"Mkuu, umelowaje?"

"Kilikuwa kinatuaibisha," akasema mwalimu mkuu, bila chembe ya haya. "Nikakisaidia kidogo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka.

"Mkondo wa sayansi unabaki," alisema, akivuta kiti cha mstari wa mbele. "Na mwanafunzi mpya nimeshampata. Mkuu, karibu ukae."