Kilo Thelathini na Nane za Chumvi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi Dakika alikuwa ameuandika msemo huo kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari la matumizi ya nyumbani, na ole wake atakayetoa hata sarafu moja kwenye kopo la biskuti bila kuitolea maelezo. Alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa ameketi nyuma ya kimeza chake, lenzi jichoni, akifungua saa za watu na kuzifunga, na mtaa ukampa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuchelewa popote, hata msibani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia pesa zimeisha tu zenyewe, unataka kumuua.

Utaratibu wake na mkewe ulikuwa huu. Pesa za mwezi ziliingia kwenye kopo, kila mmoja akachukua kwa haja yake. Jioni, jua likiwa bado lipo, waliketi mezani, kila mtu akataja alichonunua. Mke ndiye aliyeandika, maana macho ya mume yalikuwa yamechoshwa na lenzi. Jumamosi walimwaga kopo na kuhesabu, na kilichobaki lazima kilingane na daftari. Kikilingana, Fundi Dakika aliipiga meza kofi moja na kusema, "Mama Pacha, tumevuka!" Pacha wenyewe walikuwa watu wazima, wako mbali na watoto wao. Nyumbani walibaki wawili hao na daftari lao.

Shida ilianza mvua za mwaka uliopita. Taa ya korido iliungua, na mumewe alipokuwa anatoka asubuhi Mama Pacha akamwambia, "Baba Pacha, usisahau balbu." Hakuisahau. Aliileta, wakaifunga, ikawaka, ikaandikwa. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. "Ya korido," akasema, na ile ya kwanza inawaka juu ya kichwa chake. Mama Pacha akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka.

Balbu zikaendelea kuja. Nyingine alizikabidhi, nyingine aliziweka kabatini na jioni akasema kwa moyo mweupe, "Leo? Leo sijanunua kitu." Mama Pacha akazikusanya kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda. Lakini pesa zilikuwa zimetoka kwenye kopo, na Jumamosi haina huruma. Angeandikaje balbu ya tano katika nyumba yenye taa tatu? Siku ya kwanza aliinua macho, akaona kikopo cha chumvi, akaandika: chumvi.

Kwa nini asimwambie? Baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alimaliza siku zake akiulizwa na watoto wa mtaa leo ni siku gani, na akijibu wanaangua kicheko. Siku ya maziko Fundi Dakika alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Mimi nikifika huko, usiniambie." Mama Pacha alikuwa ameahidi. Tena, nani angemwachia saa yake fundi anayesahau? Mikono bado ilikuwa mizima, inaokota skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Kuvunjika kwa jina lake ndiko kulikomtisha mkewe.

Hapo kwenye chumvi ndipo alipokosea, maskini. Angebadilisha: leo kiberiti, kesho nyanya, keshokutwa sindano. Lakini asiyezoea uongo akiupata mmoja haubandui.

Mwaka ulipoisha Fundi Dakika alitia lenzi jichoni akaanza kujumlisha kitu kimoja kimoja. Alijumlisha mafuta, akajumlisha sabuni. Alipofika kwenye chumvi alijumlisha mara tatu. Kisha akaenda jikoni, akakipima kikopo kwa mkono, akarudi taratibu.

"Mama Pacha, sisi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe kwa vipi, baba?"

"Kwa bei ya dukani, mwaka huu tumekula kilo thelathini na nane za chumvi. Watu wawili. Na mimi presha ilinikataza."

Mama Pacha alifuta meza iliyokuwa safi. "Nyingine ilimwagika," akasema.

"Ilimwagika wapi? Baharini?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Fundi Dakika alilifunga daftari, akasema kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ndiyo iliyouma, "Kikulacho ki nguoni mwako." Usiku huo kopo la biskuti lilihamia upande wake wa kitanda. Kesho yake akampigia simu dada yake mkubwa, aliyekuwa karani wa ghala mpaka alipostaafu, aje Jumamosi kuamua.

Siku tatu walikaa ndani kama wapangaji wasiojuana. Asubuhi alimwachia mkewe pesa za sokoni mezani, zimehesabiwa, bila neno. Mama Pacha alilia akiwa peke yake, huku akimenya vitunguu ili awe na kisingizio. Ijumaa alilivuta sanduku, akalifungua, akazitazama balbu zilivyolala katikati ya vitenge vyake. Ushahidi wote ulikuwa pale. Angezipanga mezani moja moja na kesi ikaisha. Akalirudisha sanduku chini ya kitanda. Heri aitwe mwizi yeye, akajiambia. Mwizi anaweza kusamehewa, lakini yule mwenzake angejisamehe vipi?

Jumamosi wifi alifika mapema, na miwani yake na mkoba wake, akaketi mbele ya daftari. Fundi Dakika alikuwa bado hajafunga kazi.

"Wifi," akasema yule mama, "nimehesabu maghala, nawajua wezi. Mwizi anavaa. Wewe viatu hivyo ulikuja navyo kwenye harusi ya mwanangu, na mwanangu sasa ana watoto watatu. Pesa umepeleka wapi?"

"Nimekula, wifi."

"Umekula nini?"

"Nimekula tu. Niandikieni kosa, niombe radhi, yaishe."

Wifi akavua miwani. Alikuwa anafungua kinywa tena pale mlango uliposukumwa. Fundi Dakika aliingia, akamwamkia dada yake kwa heshima, akaketi upande wa pili wa meza bila kumtazama mkewe. Kisha akatoa mfukoni kijiboksi cha karatasi, akakiweka juu ya daftari.

"Kabla hatujaanza," akasema, "hii iandikwe. Siyo kama mambo ya watu wengine."

"Nini hiyo?" akauliza dada yake.

"Balbu. Ya korido, imeungua."

Mama Pacha alisema haraka, "Nitaandika, nitaandika," akanyoosha mkono kuichukua. Lakini wifi yake alikuwa amekaa karibu na mlango wa korido, na ni mtu asiyeandika kitu bila kukikagua. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi.

Taa ya korido ikawaka, mchana kweupe.

Fundi Dakika aliitazama taa, akaitazama balbu mezani, akaitazama tena taa. Kuitafuta hitilafu ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote, na Mama Pacha aliona anaitafuta kwa mpangilio uleule, kipande baada ya kipande, mpaka akaifikia.

"Ziko ngapi?" akauliza.

"Baba Pacha, tuache."

"Mama Pacha. Ziko ngapi?"

"Nyingi. Sanduku limejaa."

"Na chumvi?"

"Chumvi ndizo hizo."

Dada yake akainamisha kichwa. "Baba alianzia kwenye viberiti," akasema, na yule mama aliyejua wezi wote wa maghala akaanza kulia waziwazi, bila kitunguu.

Fundi Dakika hakulia. Alizunguka meza, akasimama mbele ya mkewe, akaishika mikono yake yote miwili. "Ungekubali nikuite mwizi mpaka kaburini?"

"Ulisema nisikwambie."

"Nilisema mimi?"

"Wewe."

Akatikisa kichwa. "Nisamehe, mama," akasema. Akalivuta daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akatia lenzi na kuandika mwenyewe, polepole, kwa wino mwekundu. Akamaliza, akatia sahihi, tarehe, saa na dakika. "Nikikuuliza tena," akasema, "usinijibu kitu. Nifungulie hapa."

Kuanzia siku hiyo alitembea na kikaratasi kwenye mfuko wa shati: Balbu tunazo. Muuza duka naye aliambiwa. Kazini alianza kufunga lebo kwenye kila saa, jina la mwenyewe na ugonjwa wa saa, na wateja walimsifu kwa utaratibu mpya. Kopo lilirudi kabatini. Kuna majuma yaliyokwenda sawasawa kabisa, meza ikapigwa kofi, na Mama Pacha akathubutu kusahau kidogo yeye mwenyewe.

Kisha jioni moja alikuwa anapepeta mchele, akasikia viti vinasogezwa. Mumewe alisimama mlangoni na daftari, kidole kikiwa katikati ya kurasa za mwaka uliopita, uso ameukaza.

"Mama Pacha, sisi ni ng'ombe?"

Akaweka ungo chini, akafuta mikono. Hakujibu kitu. Akalichukua daftari, akafungua ukurasa wa kwanza, akamrudishia. Fundi Dakika akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma: *Mke wangu si mwizi. Chumvi ni mimi.* Akasoma na sahihi. Akasoma na dakika.

"Mwandiko wangu huu," akasema.

"Wako."

Akaketi kwenye kigoda karibu na ungo, na kwa muda mrefu akawa anachambua mchele wa mkewe, akitoa vijiwe kimoja kimoja.

"Nisamehe, mama."

"Ulishaniomba, baba."

"Lini?"

"Siku ile mbele ya dada yako. Na Jumanne iliyopita."

Akafikiri. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akampa.

"Basi andika mara tatu," akasema. "Hesabu lazima ilingane."