Saluni Isiyosalimu

Mji wetu una taa mbili za kuongozea magari, na moja ni mbovu tangu mwaka juzi. Tuna jengo moja lenye lifti, la ghorofa nne, la watu wa bima. Nawajua wanawake watatu wenye akili zao timamu ambao kila Jumamosi hupanda lifti hiyo hadi juu, wakashuka, kisha wakaenda sokoni kununua vitunguu. Ukiwauliza walifuata nini huko juu, watakwambia walikuwa na shughuli. Yupo pia mpima ardhi mmoja, tunamwita Foleni, ambaye hulitoa gari lake saa ile watoto wanapotoka shule ili akae nyuma ya magari kumi na manne, apige honi na kulalamika. Ofisi yake inatazamana na nyumba yake.

Ugonjwa huu tunauita kiu ya Jiji. Jiji lenyewe liko mwendo wa saa tano kwa basi. Nusu ya watu wa hapa waliwahi kuishi huko, na nusu iliyobaki husema waliwahi. Huwezi kukaa na mtu dakika kumi bila kuambiwa kwamba huko watu hawana muda, hawaulizani habari, kila mtu na lake. Wanalisema hilo kwa sauti ya mtu anayekumbuka chakula cha mama yake.

Mimi ni msusi. Saluni nimeachiwa na Shangazi, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita na kunifundisha kushika kitana kabla sijajua kushika kalamu. Vidole vyake vilipoanza kukakamaa, aliniachia kusuka, yeye akabaki na kuosha vichwa na kusalimia. Nikisema kusalimia sina maana ya habari za asubuhi, nzuri, basi. Shangazi alisalimia kwa robo saa nzima. Alianza na wewe, akaenda kwa watoto mmoja mmoja, akafika kwenye goti la mama yako, akapita kwenye bati linalovuja, na usipokuwa mwangalifu alirudi tena kwako. Huku vidole vyake viko kichwani mwako ndani ya povu. "Wewe hulali," alikuwa akimwambia mtu. "Ngozi ya kichwa imekaza hivi, una nini?" Na mtu alisema alicho nacho. Nimesuka miaka kumi na moja nikisikiliza siri za mji huu zikimwagika kwenye beseni.

Nilidhani hiyo ndiyo raha ya saluni yetu. Kumbe wateja wangu walikuwa wakivumilia.

Aliyenifungua macho ni mke wa mhasibu, mteja wetu wa miaka yote. Alikwenda Jiji Ijumaa moja akarudi Jumapili na kichwa kipya, na Jumatatu akapita saluni kutuonyesha. Jamani, nilimwonea huruma. Mistari ilikuwa imepinda, mmoja ulianzia utosini ukaishia popote ulipochoka. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Lakini mwenyewe alikuwa anang'aa.

"Nilikaa saa nne nikingoja," alisema, na wanawake waliokuwa ndani wakanyamaza kumsikiliza. "Saa nne, hakuna aliyeniuliza hata jina. Yule msusi hakuniangalia usoni kabisa. Alikuwa anaongea na simu muda wote. Niliposema naumia, akaniambia niende kwingine."

"Makubwa," alisema mmoja, kwa wivu.

"Jiji ni Jiji," alisema mke wa mhasibu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi ule ule wateja sita walipanda basi kwenda kutukanwa. Mwezi uliofuata walikuwa kumi na watano. Jumamosi zangu, ambazo zamani watu walikaa hadi kwenye kizingiti, zikawa mimi na Shangazi na redio. Nikikaa pale nikikunja taulo zilizokwisha kukunjwa, nilijua kwamba mambo yakiendelea hivyo mwaka hautaisha kabla sijafunga mlango. Shangazi alijenga saluni ile kwa mikono yake. Sikuwa tayari kuwa mimi ndiye niliyeiua.

Basi nikaamua. Kama watu wanataka Jiji, nitawapa Jiji bila nauli ya basi. Nilinunua vioo virefu na viti vyeusi visivyokalika. Nikabandika mlangoni karatasi iliyoandikwa KWA MIADI TU, hata kama ndani hamna mtu. Nikajifunza kutazama simu huku ninasuka. Kisha nikamgeukia Shangazi, na hapo palikuwa pagumu, maana mtu hamfundishi kazi aliyemfundisha kazi.

"Shangazi," nikasema, "kuanzia kesho tupunguze maamkizi."

"Tupunguze mpaka wapi?"

"Tuyaache."

"Mtu aingie ndani, akae, nimwoshe kichwa, nisimuulize kaamkaje?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Wamekwambia?"

"Wanaonyesha, Shangazi. Wanakaa kwenye basi saa tano nzima."

Akasema haya, saluni ni yako. Alisema kwa upole, na ningekuwa na akili upole ule ungenitisha.

Mteja wa kwanza alikuwa mke wa mhasibu huyo huyo. Aliingia, akasema hodi. Sikuinua uso. Akasimama. Nikahesabu moyoni hadi sitini, nikamwambia bila kumtazama, "Una miadi?" Hakuwa nayo, na viti vyote vilikuwa vitupu. Nikamwambia asubiri. Alikaa saa moja na nusu nikipanga vibanio, na kila nilipomchungulia kiooni aliketi wima, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyefika anakotaka. Siku ya pili alileta wenzake wanne.

Sitaki kutia chumvi, lakini baada ya miezi miwili mji mzima ulikuwa kwangu. Foleni alikuja kunyolewa, mimi nisiyenyoa wanaume, kwa sababu alisikia kwamba nafoka. Nikamwambia atoke. Alitoka akiwa amefurahi sana, na kesho yake akarudi kuambiwa tena. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana aliniomba nimsahau jina, nami nikalisahau. Niliona nimepata akili ambayo wasusi wenzangu hawana. Ukweli ni kwamba kutojali ni kazi nyepesi mno. Inazoeleka haraka kuliko kusuka.

Aliyeshindwa ni Shangazi. Alijikaza kisabuni wiki tatu, akiosha vichwa kimya, midomo ameibana. Halafu siku moja, saluni imejaa, alikuwa akimwosha mke wa mhasibu, vidole vikasimama ghafla. "Mwanangu," akasema, "wewe hulali kabisa. Kuna nini nyumbani?"

Mke wa mhasibu akaanza kulia. Hakulia kidogo. Alilia akiwa amelala chali, kichwa ndani ya beseni, povu linamwingia masikioni. Wateja wengine wakatazamana. Mmoja akaniita pembeni akaninong'oneza kwamba kama mambo yenyewe ni haya ya kulizana, yeye heri apande basi.

Jioni ile nilimwambia Shangazi ahamie chumba cha nyuma. Nilimwambia ni kwa ajili ya miguu yake, apumzike, kazi yake iwe kukunja taulo tu. Nilidanganya, na yeye alijua. Sikumuuliza hata mke wa mhasibu alikuwa analia nini. Nilisema moyoni kwamba ni aibu yake, nimsitiri.

Shangazi alikunja taulo siku nne. Ya tano alivaa kanga zake mpya akaniambia anakwenda Jiji kumwona binamu yangu. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Nikipiga simu, ananiambia, "Nitakupigia, mwanangu, niko kazini."

Kazini? Mwanamke wa miaka sitini na nane, vidole havikunjiki?

Mwezi ulipotimia nilifunga saluni nikapanda basi. Binamu alinielekeza: jengo la ghorofa kumi na mbili, nyuma ya mahakama, ghorofa ya tisa. Mlango ulikuwa wa kioo, na juu yake neno moja, KARIBU. Ndani palikuwa na zulia, maua, mashine kumi za kukaushia nywele kwa mstari, na watu wengi wanangoja. Wanawake wenye suti. Wanaume wawili wenye tai, mmoja kipara, na nikajiuliza kipara anafuata nini saluni.

Nikamwona. Shangazi alikuwa kwenye kiti chenye mito, karibu na beseni, na kile kipara kilikuwa mikononi mwake.

"Na lile goti la mama?" alikuwa akiuliza.

"Limepata nafuu, Shangazi," akajibu yule bwana, macho ameyafumba. "Anaanza kutembea hadi getini."

"Mshukuru Mungu. Na wewe mwenyewe?"

Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliniambia kwamba ukitaka nafasi kwa Shangazi lazima uombe wiki mbili kabla. "Watu wa Jiji tumechoka," alisema. "Kuna siku naona nikifa ofisini, watajua nimekufa kwa kuona tu barua zimelundikana. Huyu mama anakuuliza, halafu juma lijalo anakumbuka ulichojibu." Kisha akaniuliza, "Na wewe unatoka wapi?" Nikamwambia. "Una bahati," akasema. "Huko kwenu si ndiko watu bado wanasalimiana?"

Nilingoja hadi saa yake ya chai. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanikumbatia, akanisukuma kwenye kiti chake akaanza kunifungua nywele bila kuniuliza. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ndani ya basi. Yakanipotea. Nilisema tu, "Shangazi, rudi nyumbani. Nilikukosea."

"Ulikosea," akakubali.

"Kwa hiyo utarudi?"

Vidole vyake vilikuwa vinatembea kichwani mwangu taratibu. "Mke wa mhasibu hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakuja kila Jumamosi."

"Mumewe anaendeleaje?"

"Mumewe ana nini?"

Vidole vikasimama.

"Amelazwa hapa Jiji mwezi mzima sasa. Figo. Mkewe anakuja kila Alhamisi kumwona, na akitoka wodini anapanda juu hapa, tunakaa. Siku ile kwenye beseni ndiyo alikuwa amepewa majibu ya vipimo vya mumewe." Alinena bila ukali, kama mtu anayenisomea barua. "Unamsuka kila Jumamosi, mwanangu. Kichwa chake unakishika wewe."

Nilitamani sakafu ifunguke, nipite ghorofa zote tisa. Nikasema hakuniambia. Shangazi akasema hapana, hakuniambia.

"Nitarudi," akasema baadaye, akinifunga kitambaa. "Mimi hapa napendwa, lakini si kwangu. Ila sirudi kukunja taulo. Nipigie simu siku utakapokuwa na habari ya mteja mmoja tu. Mmoja. Uwe umemuuliza wewe, akakujibu. Siku hiyo nitapanda basi."

Mlangoni yule mama wa barua zilizolundikana alikuwa amekwisha simama, anatazama saa yake. Shangazi akamwita "mwanangu" kwa sauti ile ile aliyoniitia mimi, na ilikuwa sauti ya kweli mara zote mbili. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Niliporudi nilibandua karatasi ya mlangoni. Jumamosi nikafungua saa mbili, na mteja wa kwanza alikuwa mke wa mhasibu. Alikaa. Nyuma yake waliketi wengine watano, mikoba mapajani, tayari kwa kupuuzwa. Niliweka simu kabatini. Nilimtazama usoni kiooni, na niliona alivyokonda, jambo ambalo hata kipofu angeliona.

"Habari za nyumbani?" nikamuuliza. "Mzee anaendeleaje?"

Wale watano waliacha hata kujipepea. Mke wa mhasibu alinitazama kiooni, kisha akawatazama wale walio nyuma yake, kisha akaangalia chini mikono yake. Nilisubiri. Nilisubiri kama Shangazi anavyosubiri, au nilivyodhani anavyosubiri.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hayo nina pa kuyasemea. Hapa naomba unisuke tu."

Nikamsuka. Nilimsuka vizuri, mistari imenyooka, kuliko nilivyowahi kumsuka. Nilipomaliza aliangalia kioo, akasema asante, akaondoka. Wa pili akakaa, nikamuuliza habari za watoto, akasema wazima, akafungua gazeti. Wa tatu akaniuliza kama siku hizi sina miadi.

Nilipofunga nilikaa na simu mkononi. Namba ya Shangazi ilikuwa mbele yangu, na sikuwa na habari ya mtu hata mmoja.